Mstari Juu ya Uji

Mama yangu alikuwa na mazoea ambayo mgeni angedhani ni uganga. Kila jioni kabla ya kufunga karakana, akishaosha vyombo na kutundika aproni msumarini, alifunua pipa, akakunja mkono wa blauzi, akachora mstari mmoja kwa kidole juu ya uji, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Halafu alifunika, akatandaza gunia lililoloweshwa juu ya kifuniko, akasema, "Haya, lala salama." Ndipo tulipotoka.

Uji huo haukuwa wa kunywa. Ndivyo tulivyouita udongo wa majimaji wa kutengenezea vikombe. Ni aina tatu za udongo, maji, na matone machache ya dawa ya kuulainisha, vyote vimepita kwenye chujio mara mbili. Unaumimina ndani ya kalibu ya plasta. Plasta inakunywa maji, udongo unashika kwenye kuta zake kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Baada ya dakika kumi na tano hivi unamwaga uliobaki katikati, na ule ukoko ndio kikombe chako. Kikishakaza unakitoa, unakipachika mkono, unakilainisha kwa sponji, kinasubiri zamu yake ya tanuri.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha Fundi Kalibu, mtu mrefu ambaye kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la plasta hata siku ya mapumziko. Yeye alitengeneza kalibu na hakutaka kujua kingine. Cha mbele kilikuwa cha mama. Kulikuwa na meza ndefu ya mbao iliyopauka, rafu za vikombe vibichi, na pipa. Pipa lilikaa kwenye kona, pale bomba la maji liliposhuka kutoka darini, na tangu nipate akili sikuwahi kuliona mahali pengine.

Asubuhi mama alifunua na kuusoma mstari wake. Akikuta umefutika kabisa, uji ni mwepesi mno, dawa imezidi. Akikuta umebaki na kingo kali kana kwamba umekatwa kwa kisu, uji ni mzito. Alichotaka ni mstari uliojifunga nusu, ukabaki bonde dogo lenye kingo za mviringo. Mwisho wake, upande wa kushoto, mstari wa mama ulipinda kidogo. Kidole chake kiliwahi kubanwa na kalibu akiwa msichana, na mimi niliamini hiyo ndiyo sababu.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, mama alikwenda kwa daktari wa macho akaniachia funguo. Ilikuwa likizo. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Nikafunua pipa, nikatia kata, kata ikasimama wima yenyewe kama nguzo. Uji umekaza! Nikawaza, kitu kikikaza dawa yake maji. Nikatia kata mbili za maji, nikaongeza mbili, nikaongeza tena. Hatimaye ukatiririka kama maziwa. Nikajaza kalibu zote sitini huku nikiimba, na vikombe vilipokaza nikavitoa, nikavipachika mikono.

Kesho yake vikombe hamsini na nane vilikuwa na nyufa, vingi pale mkono unapoungana na tumbo la kikombe. Mama alikiokota kimoja, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Nani aliupa maji?"

"Mimi, mama. Ulikuwa umeganda."

"Haukuganda. Ulikuwa umelala." Akanitazama kwa yale macho yaliyotiwa dawa, mekundu. "Wewe nikikuamsha kwa kukumwagia ndoo ya maji, utaamka vizuri?"

Fundi Kalibu alicheka mpaka akashika mlango. "Huyu binti," akasema, "kawaogesha wote sitini, na wote wamepata homa."

Mama hakunichapa wala hakupandisha sauti. Alinikunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akauzamisha mkono wangu kwenye pipa lile lile. "Toka chini, njoo juu. Kiganja wazi. Polepole, usiingize hewa, hewa ni chunusi za kikombe. Mizunguko mia kabla hujausema vibaya." Siku ile ulikuwa mwepesi kwa ajili ya maji yangu, kwa hiyo sikujifunza kitu. Nilijifunza wiki iliyofuata, kwenye pipa jipya lililokuwa limepumzika siku mbili. Mzunguko wa thelathini ulikuwa kama kusukuma ukuta. Wa sitini bega likaniuma. Kisha, sijui kwenye wa sabini au wa themanini, kitu kizima kikaachia mara moja, kikanizunguka mkono, kikawa kinakwenda chenyewe. Hatukuwa tumeongeza hata tone.

Nilikwenda na jambo hilo shuleni. Mwalimu wetu wa fizikia tulimwita Bwana Kwanini, kwa sababu ukimpa jibu sahihi alikuuliza kwa nini, na ukimpa jibu baya alikuuliza kwa nini. Siku hiyo alifundisha mnato. Alisema mnato ni ule ugumu wa kimiminika kutiririka, jinsi tabaka zake zinavyoshikana zisiteleze. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mdogo. Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, uji wa mama una minato miwili. Asubuhi mkubwa, mchana mdogo."

"Mchana kuna joto."

"Hapana mwalimu. Ukiukoroga unalainika, ukiuacha unakaza. Ukiukoroga tena, unalainika tena. Maji ni yale yale."

"Kwa nini?"

"Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Darasa likalipuka. Bwana Kwanini akagonga meza kwa chaki. "Kimiminika hakina tabia mbili," akasema. "Mwambie mama yako apime vizuri." Nikaketi na aibu yangu.

Wiki mbili baadaye alinisimamisha kwenye ujia baada ya vipindi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekwenda maktaba ya chuo fulani, siku yake ya mapumziko, akakaa kutwa.

"Siku ile nilikujibu kwa kiburi cha chaki," akasema. "Mama yako anapima vizuri kuliko mimi."

Kwenye karatasi aliandika kwa herufi kubwa: THIKSOTROPIA. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kawaida, alieleza. Ni tabia ya vitu fulani vinavyokaza vikiachwa vitulie na kutiririka vikitikiswa, na kukaza tena vikiachwa. Chembe ndogo ndani yake hushikana mikono zikipumzika, mpaka zikajenga kama wavu. Ukikoroga unazitenganisha, ukiziacha zinatafutana tena, na kutafutana huko kunachukua muda. Neno lenyewe halikuwa la kale. Wataalamu walilitunga karne hii hii, yaani iliyopita sasa, walipoona hakuna jina, wakachukua maneno mawili ya Kigiriki cha zamani. La kwanza ni kugusa. La pili ni kugeuka.

Nikakimbia nalo mpaka karakana. Mama alikuwa anapachika mikono ya vikombe, mdomoni kashika brashi. Nikamsomea yote. Akaitoa brashi.

"Kugusa na kugeuka."

"Ndiyo, mama."

"Neno refu hivyo, ndani mna hayo mawili tu?"

"Hayo mawili tu."

"Sasa mimi nimekuwa nasema nini miaka yote? Fundi! Njoo usikie. Wamekwenda mpaka Ugiriki kutafuta kitu kilichomo pipani mwangu." Kisha akafikiri kidogo. "Hao Wagiriki walikuwa wafinyanzi?"

"Mwalimu anasema walikuwa na mitungi mingi sana."

"Basi ni watu wa kazi," akasema, akarudisha brashi mdomoni.

Lakini jioni alinipa kigae kibichi, akaniambia niliandike neno hilo kwa ncha ya msumari, na maana yake chini. Kikachomwa pamoja na vikombe, kikatundikwa ukutani juu ya pipa. Mama aliishia darasa la nne, na neno lile alilivaa kama mkufu. Mnunuzi akiingia na kukuta uji umekaza, mama alisema bila kugeuka, "Hiyo ni thiksotropia, ngoja kidogo." Akalihamishia hata kwa watu. Jirani akinuna: "Mguseni huyo, ana thiksotropia." Aliyenuna kuliko wote nyumbani kwetu alikuwa kaka yangu. Angeweza kukaa siku tatu bila neno. Mama hakumbembeleza. Alipita nyuma ya kiti chake, akamgusa bega kwa vidole viwili, akaendelea na safari yake jikoni. Baada ya muda, nusu saa pengine, kaka alianza kuongea peke yake, kuhusu mpira au kuhusu bei ya viatu.

Sasa niseme la kaka, maana bila hilo hayatafahamika mengine. Alipoanza kazi ya udereva, kwa mishahara yake ya kwanza alimnunulia mama mashine ya kukoroga. Ilikuwa na injini juu na mapanga mawili chini, rangi ya kijani. Alitaka mkono wa mama upumzike. Mama aliijaribu mara tatu. Mara tatu vikombe vikatoka na chunusi, kwa sababu mapanga yale yalivuta hewa. Siku ya tatu, mbele ya Fundi Kalibu na wanunuzi wawili, alisema, "Mwanangu, mashine yako ina mikono lakini haina masikio." Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alifungua boliti, akaibeba mashine begani, akaondoka nayo. Kwa miaka tisa alikuja kumsalimu mama nyumbani, akisimama, akila akiwa amesimama, lakini karakana hakukanyaga.

Mama aliondoka karakana Jumamosi moja akilalamika kifua. Jumatatu tukampeleka hospitali, akakaa wiki kumi na moja, akafariki. Nilikuwa naye mchana mwingi. Kaka alikuja Jumapili. Tulimzika, watu wakaja, watu wakarudi makwao. Mwezi mmoja baadaye mwenye nyumba akasema anavunja jengo zima, tumwachie vyumba mwisho wa mwezi.

Ndivyo ilivyokuwa tukakutana watu watatu mbele ya pipa, asubuhi ya saa tatu, miezi minne tangu mama alifunike. Kaka alikuja na lori la mwajiri wake. Fundi Kalibu alikuwa tayari amepanga kalibu kwenye maboksi. Kigae changu kilikuwa bado ukutani.

"Saa sita hili lori liwe limerudi," kaka akasema. "Tubebe vya kubeba, vya kutupa tutupe." Akalipiga pipa teke dogo. Halikusikika hata kucheza. "Hili limekuwa jiwe. Tulibiringishe tukamwage shimoni."

"Usiliguse," nikasema.

"Mdogo wangu, miezi minne! Hata maiti ingekuwa..."

Fundi Kalibu akakohoa. "Gunia nililowesha kila Jumatatu na kila Alhamisi," akasema. "Kufunua sikufunua. Mimi mtu wa plasta, uji ni wa mama yenu."

Nililokuwa nalitaka nitalisema wazi. Mama hakuwahi kuandika vipimo vyake. Udongo upi, kiasi gani, dawa matone mangapi, alijua mkono wake. Na kila pipa jipya alilianzisha kwa ndoo mbili za pipa la zamani, kama mtu anavyotunza chachu, kwa hiyo ndani ya pipa lile kulikuwa na udongo wa tangu hatujazaliwa. Tukiumwaga, umekwisha duniani. Nilitaka uamke. Nilitaka vikombe vya mwisho vya mkono wake, na nilitaka ndoo mbili za kuanzia.

Nikaondoa gunia, nikainua kifuniko.

Uji ulikuwa umetulia, kijivu, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Na katikati yake, kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwepo mstari. Bonde dogo, kingo za mviringo, na mwishoni upande wa kushoto umepinda kidogo.

Jumamosi ile, na kifua kikimuuma, aliukunja mkono wa blauzi akauchora.

Bomba lilidondosha tone ndani ya beseni, likadondosha lingine. Kaka alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika.

"Ni wake?"

"Wa nani tena."

Kaka akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili kama alivyoishika makaburini. Kisha yeye, aliyetaka kulibiringisha shimoni, akasimama kati yangu na pipa. "Usiguse," akasema. "Tutalibeba hivi hivi. Nitaendesha polepole. Tutaliweka kwako, tutaweka kioo juu."

"Kwa barabara ile?" Fundi Kalibu akauliza. "Baba, kabla hujafika kituo cha mafuta uji umeamka na mstari umekwenda. Huu unageuka kwa kutikiswa. Si mmeandika wenyewe hapo ukutani?"

"Basi tuuache hapa mpaka ukauke."

"Utapasuka vipande kama dimbwi la kiangazi. Na nyumba inavunjwa."

Kaka akatoa simu akapiga picha. Akaitazama, akanionyesha. Ilikuwa kijivu tupu, kama mtu kapiga mawingu. Akapiga nyingine kutoka pembeni, na nyingine, na zote zikawa mawingu.

Nami sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimekuja kuukoroga, na sasa mkono wangu ulining'inia kama wa kuazima. Nikawaza kwamba kaka ana haki: ni alama ya mwisho ya kidole chake hapa duniani, na mimi ndiye nitakayeifuta. Nikawaza vilevile kwamba nikiiacha, kila kitu kilicho chini yake kinakufa. Nilikisoma kigae kwa mwandiko wangu wa miaka kumi na sita. Kugusa. Kugeuka. Hakikuniambia lililo jema.

Aliyesema alikuwa Fundi Kalibu, kutoka mlangoni, kama anayejisemea. "Miaka thelathini nimefanya kazi na mama yenu. Mstari ulichorwa jioni. Asubuhi aliufuta mwenyewe. Kila asubuhi. Sikumwona hata siku moja anaulilia." Akafuta kope zake. "Angewakuta mnausimamia hivi angewapiga na sponji."

Nikakunja mkono wa gauni. Nikaanzia pembeni, pale mstari haukufika, nikashuka chini mpaka kiwiko kikazama. Ulikuwa wa baridi na mgumu, mgumu kuliko wowote niliowahi kuusukuma. Moja. Mbili. Kwenye mzunguko wa tano ile sehemu iliyopinda ikavutwa, ikarefuka, ikapotea. Nilifumba macho mpaka ishirini. Nilipofumbua hapakuwa na mstari.

Hesabu ikafika mia na uji haukugeuka. Nikafika mia na arobaini, bega linawaka moto. Nikasimama kupumua. Nikamwona kaka kashika jagi.

"Maji kidogo?" akauliza. "Kidogo tu."

"Thubutu!"

Lilinitoka kwa sauti ya mama, sauti yenyewe kabisa, na Fundi Kalibu akaguna kule mlangoni. Kaka akaanza kucheka, nami nikacheka, mkono wangu ungali ndani. Akaweka jagi chini. Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akakunja shati, akazamisha mkono upande wa pili.

"Polepole," nikamwambia. "Usiingize hewa."

"Najua. Nilifukuzwa kwa sababu ya hewa."

"Hukufukuzwa."

"Najua hilo nalo."

Tulizungusha kwa pamoja. Mara mikono yetu ilikutana kule chini, ikapishana. Alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Baadaye, macho yake yakiwa kwenye uji, akasema, "Jumapili ile ya mwisho, hospitalini, ulipotoka kwenda kununua sabuni. Alinigusa bega. Vidole viwili. Hakusema kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa kimya kidogo. Halafu niliongea saa nzima. Habari za mashine, habari za watoto, upuuzi mwingine tu. Sijui hata kama alikuwa anasikia."

"Alikuwa anasikia."

"Usiniambie vitu usivyovijua."

"Kaka, nilirudi na sabuni, wewe umeshaondoka, nikamkuta anacheka peke yake. Akaniambia, mwanangu ameamka."

Aliendelea kuzungusha, uso kaugeuzia bombani, na sikumtazama zaidi. Kwenye mia tatu na kitu, kwa namna ile ile ya zamani, bila kutuaga, ugumu wote ukaachia. Ukatuzunguka mikono, mzito na laini, ukaanza kwenda wenyewe.

"Fundi!" kaka akapiga kelele. "Toa kalibu!"

"Nimeshazifunga kwenye maboksi, baba."

"Zifungue!"

Zilibaki kalibu arobaini na moja zisizo na ufa. Tukazipanga juu ya meza, nikajaza kwa kata, kaka akafuata nyuma akizigonga ubavuni, kama tulivyofundishwa utotoni. Saa sita simu yake ililia. Alikuwa na udongo mpaka kiwikoni, nikamshikia simu sikioni.

"Ndiyo, bosi. Hapana, gari ni zima. Hapana, sijagongana na mtu. Nina dharura ya familia." Akasikiliza. "Ni uji, bosi. Ndiyo. Uji." Bosi alisema maneno marefu. Kaka akaitikia, "Nitakuja kueleza," akatikisa kichwa nikate simu.

Vikombe tuliviunga mikono siku ya pili na ya tatu, na tanuri likawaka mara ya mwisho wiki ile. Vilitoka thelathini na tisa. Viwili vilipasuka, na kimoja kati ya hivyo viwili mkono wake niliuunga mimi, si udongo wala mama wa kulaumiwa. Fundi Kalibu alichukua sita. Kimoja nilimpelekea Bwana Kwanini, amezeeka, anatembea kwa fimbo, na alipokipokea alikigeuza chini juu akaniuliza kwa nini hakina jina la mtengenezaji.

Pipa, na uji uliobaki, lipo kwangu, kwenye veranda ya nyuma. Kabla ya kulikoroga pipa jipya la kwanza, mtu mmoja wa chuo kile alichokwenda Bwana Kwanini alinipimia kiasi cha kila udongo, kwa hiyo sasa ninavyo vipimo, vimeandikwa. Ni vizuri kuwa navyo. Kaka huja Jumamosi. Kabla ya kunijulia hali anauliza, "Umeamka?" nami najua hanisemi mimi.

Jambo moja lilinikera kwa wiki nyingi. Kila jioni nilichora mstari, kama yeye, na kila asubuhi nilikuta bonde zuri, kingo za mviringo. Uji ulikuwa sawa. Lakini mstari ulikuwa umenyooka kama rula. Nilijaribu kuupinda kwa makusudi, ukaonekana wa uongo. Nikasema moyoni, kile kidole kilikuwa kimoja, nami ndiye niliyeifuta alama yake.

Jumamosi moja mvua ilipiga kwenye veranda. Kaka akalisukuma pipa mpaka kwenye kona, nyuma ya mfereji wa paa unaoshuka ukutani, lisilowe. Jioni alichora yeye. Alipofika mwisho, kiwiko chake kiligonga mfereji, mkono ukasogea, na mstari ukapinda kidogo upande wa kushoto.

Tuliutazama wote wawili. Nikakumbuka bomba la karakana, lililoshuka pale pale kwenye kona, na miaka yote ile kiwiko cha mama kikiligonga kila jioni.

"Unacheka nini?" kaka akauliza.

"Liache pipa hapo hapo," nikamwambia. "Hata mvua ikikatika."

Akafunika, akatandaza gunia. Nikangoja kuona kama atalisema. Akalisema, kwa sauti ya chini, akijifanya anakohoa: "Haya, lala salama."